Kinachoua Samaki Chini ya Barafu: Kuandaa Bwawa la Uani kwa Majira ya Baridi

Barafu inapoyeyuka na samaki wakaonekana wanaelea matumbo juu, mwenye bwawa husema baridi imewaua. Mara nyingi si kweli. Samaki wa dhahabu na koi (karpu wa mapambo), ambao ndio wengi katika mabwawa ya uani, wanatoka katika jamii ya samaki iliyozoea maji yanayoganda kila mwaka, na miili yao inaweza kuishi miezi kadhaa katika maji ya nyuzijoto 4. Kinachowamaliza, mara nyingi, ni hewa: oksijeni iliyokwisha chini ya kifuniko cha barafu, au gesi za uozo zilizokosa pa kutokea. Na uozo wenyewe uliingia bwawani wiki nyingi kabla ya barafu, majani yalipokuwa yakipukutika na kuzama bila mtu kuyaopoa.

Nalitanguliza hili kwa sababu linageuza kazi nzima. Anayeamini kwamba adui ni baridi atahangaika kupasha maji joto, atawalisha samaki mpaka dakika ya mwisho ili wapate nguvu, na ataiacha pampu izungushe maji usiku na mchana yasigande. Karibu yote hayo yanaweza kuwadhuru. Anayejua kwamba adui ni uozo na hewa iliyofungiwa huanza kazi mapema, maji yakiwa bado na uvuguvugu, na barafu ikifika hana mengi ya kufanya.

Wapo samaki ambao kweli baridi huwaua, na ni heri tuwatoe kwenye hesabu sasa hivi. Perege ni samaki wa maji ya joto: huacha kula maji yangali na nyuzijoto kumi na kitu, na wengi hufa yakishuka chini ya 10. Aliyewaweka bwawani majira ya joto ni lazima awavue au awahamishie ndani. Hali kadhalika samaki wa dhahabu waliozalishwa kwa maumbo ya pekee, wenye mwili wa duara, macho yaliyotokeza au mapezi marefu mno. Hao ni dhaifu kuliko wenzao wa umbo la kawaida, na wakati wa baridi mahali pao ni kwenye tangi la ndani. Kuanzia hapa nawazungumzia wanaobaki nje.

Maji huganda kuanzia juu

Vitu vingi vikipoa hunywea, na kadiri vinavyonywea ndivyo vinavyozidi kuwa vizito kwa ujazo uleule. Maji nayo hufuata kanuni hiyo, lakini mpaka nyuzijoto 4 tu. Yakipoa zaidi ya hapo huanza kutanuka, na yakigeuka barafu hutanuka kwa takriban asilimia 9. Ndiyo maana barafu huelea. Ndiyo maana pia bwawa linapopoa, maji ya nyuzijoto 4, ambayo ndiyo mazito kuliko yote, hushuka na kutulia chini, huku yale yaliyopoa zaidi yakibaki juu na kuganda. Barafu ikishatanda, yenyewe huwa kinga dhidi ya upepo na hewa ya nje. Samaki hukusanyika chini, katika ule ukanda wenye vuguvugu kidogo, wakakaa hapo karibu bila kutikisika.

Ukilielewa hili, shauri nyingi zinazoonekana kupingana hufunguka. Chukua swali la kina. Bwawa fupi huganda kwa sehemu kubwa ya kimo chake, na upepo hulivuruga kwa urahisi kabla halijaganda, kwa hiyo ukanda wa chini hauna nafasi ya kujitenga. Mahali ambapo barafu huwa nyembamba, sentimita 60 zinaweza kuwatosha samaki wa dhahabu. Koi, ambao ni wakubwa zaidi, huhitaji mita 1.2 au zaidi, na kadiri baridi ya mahali inavyokuwa kali ndivyo kina kinavyopaswa kuongezeka. Si lazima bwawa zima liwe refu. Shimo moja la kutosha katikati linaweza kuwa kimbilio la samaki wote. Bwawa likiwa fupi kila mahali, na majira ya baridi ya hapo ni marefu, kuwahamishia samaki kwenye pipa kubwa au tangi ndani ya banda lisiloganda ni uamuzi mzuri kuliko kubahatisha.

Chukua pia swali la pampu, ambalo ndilo hubishaniwa kuliko yote. Majira ya joto, pampu hukaa chini kabisa, huvuta maji ya huko na kuyamwaga juu, pengine kupitia maporomoko madogo ya mawe. Wakati wa baridi mtindo huohuo huchukua maji ya nyuzijoto 4 kutoka walipo samaki, huyapitisha kwenye hewa ya baridi kali, kisha huyarudisha yakiwa na nyuzijoto 1 au chini yake. Ukanda wa chini huvunjika, na samaki hukosa pa kujisitiri. Zaidi ya hayo, maporomoko huota kingo za barafu ambazo zinaweza kuelekeza maji nje ya bwawa, na pampu ikaendelea kuyamwaga usiku kucha bila mtu kujua. Kwa bwawa la kawaida la uani, naona ni bora maporomoko yafungwe, pampu itolewe, isafishwe na kuhifadhiwa ndani, nyingi zikipendelea kukaa ndani ya ndoo ya maji ili vifungio vyake vya mpira visikauke. Wanaoamua kuiacha ifanye kazi na wainyanyue karibu na uso wa maji, na mabomba ya nje wayatazame kila siku, kwani umeme ukikatika usiku wa baridi kali maji yaliyosimama ndani ya mabomba huganda na kuyapasua.

Taa ya miale ya urujuanimno inayotumika kuzuia mwani itolewe pia. Ndani yake mna mrija wa kioo, na maji yakigandia humo huupasua. Mwani wenyewe hukua polepole mno wakati wa baridi, hivyo hakuna kinachopotea.

Mwili wa samaki unapopunguza mwendo

Samaki hana joto lake mwenyewe. Maji yakipoa naye hupoa, na kila kitu mwilini hupunguza kasi: moyo, upumuaji, usagaji wa chakula, hata kinga dhidi ya magonjwa. Kwa kadirio la jumla, joto likishuka nyuzi 10, mahitaji ya mwili hupungua kwa nusu au zaidi. Bahati nzuri, maji baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko ya joto. Lita moja ya maji matamu ya nyuzijoto 20 inaweza kushika takriban miligramu 9 za oksijeni. Ikiwa karibu na 0, hushika zaidi ya 14. Yaani bwawa linaingia majira ya baridi likiwa na akiba kubwa, na samaki wanaotumia kidogo. Tatizo ni kwamba barafu ikishafunika, akiba hiyo haiongezwi kutoka hewani, na samaki si peke yao wanaoitumia. Bakteria wanaoozesha majani wanaitumia pia.

Ulishaji ndio hukosewa kuliko mambo yote, kwa sababu ya huruma. Samaki wakija juu kuomba chakula siku yenye jua katikati ya baridi, mkono huenda wenyewe kwenye kopo. Lakini koi na samaki wa dhahabu hawana mfuko wa tumbo kama wetu. Chakula hupita moja kwa moja utumboni, na katika baridi hukaa humo muda mrefu bila kusagwa ipasavyo. Kile wasichokila huzama na kuoza, na kinyesi chao hutoa amonia wakati ambapo bakteria wa kichujio wanaoisafisha wamekwisha kulala. Kanuni inayofuatwa na wafugaji wengi ni hii: maji yakishuka chini ya nyuzijoto 15, punguza chakula na utoe kile chepesi kusagika, kama kilichotengenezwa kwa kiini cha ngano, yakifika 10, acha kabisa. Pima maji, si hewa, na upime kwa kina walipo samaki. Kalenda haisaidii hapa. Majira ya baridi ni Desemba hadi Februari kaskazini mwa dunia na Juni hadi Agosti kusini, lakini mabwawa mawili katika mtaa mmoja yanaweza kupishana wiki nzima kufika nyuzijoto 10, moja likiwa kivulini na jingine juani.

Hawatakufa njaa. Mafuta waliyojiwekea mwishoni mwa majira ya joto huwavusha. Ukitaka kuwasaidia, walishe vizuri miezi miwili au mitatu kabla, maji yangali ya moto na matumbo yanafanya kazi.

Kuna jambo moja kuhusu samaki wa dhahabu ambalo kila mfugaji anastahili kulijua, kwa kuwa linaeleza kwa nini bwawa moja lilelile huua koi na kuwaacha wao. Oksijeni ikiisha, mwili wa karibu mnyama yeyote mwenye uti wa mgongo huendelea kwa muda mfupi kwa kutengeneza asidi ya laktiki, na asidi hiyo ikijaa humuua. Samaki wa dhahabu na binamu yake wa porini hugeuza asidi hiyo kuwa pombe, ikatoka kupitia matamvua na kupotelea majini. Mwaka 2017 watafiti wa vyuo vikuu vya Oslo na Liverpool walieleza namna vimeng'enya vyao vinavyofanya kazi hiyo, na kwamba pombe katika damu ya huyo binamu wa porini inaweza kupita miligramu 50 kwa kila mililita 100. Uwezo huo humwezesha kukaa chini ya barafu bila oksijeni kwa miezi. Koi hastahimili kiasi hicho. Kwa hiyo mwenye koi asijilinganishe na jirani mwenye samaki wa dhahabu ambaye hajawahi kulishughulikia bwawa lake na samaki wake bado wazima.

Majani, tope na mimea

Hii ndiyo kazi kubwa, na hufanywa kabla ya baridi. Majani yakianza kugeuka rangi mitini, tandaza wavu juu ya bwawa zima, umeinuka katikati ili majani yateremkie pembeni badala ya kulemea na kuzama. Uvue siku majani yatakapokuwa yamekwisha kuanguka. Ukiubakiza mpaka theluji ishuke, utaelemewa na kuchanika. Kinachopita wavuni kiopolewe kwa kimia cha mpini mrefu, mara kwa mara, kabla hakijalainika na kuwa tope.

Tope lililoko chini lipunguzwe, lisimalizwe. Humo hulala vyura na wadudu wa majini, na kulitibua lote kwa siku moja kunaweza kuzitoa kwa mkupuo gesi zilizofungiwa ndani yake. Mojawapo ni salfidi ya hidrojeni, ile yenye harufu ya mayai viza, ambayo ni sumu kali kwa samaki hata ikiwa kidogo. Ukiingiza fimbo topeni na harufu hiyo ikapanda, fahamu kuna kazi: ondoa tope sehemu kwa sehemu, siku tofauti, kisha ongeza maji safi kidogo kidogo. Maji ya bomba yatiwe kwanza dawa ya kuondoa klorini. Sipendi kabisa desturi ya kulikausha bwawa lote na kulisugua kabla ya baridi. Samaki hushtuka, hukwaruzwa, na huingia katika majira magumu kuliko yote wakiwa na majeraha ambayo hayatapona mpaka joto lirudi.

Mimea inayoelea ya nchi za joto, kama gugumaji, hunyauka kwa baridi ya kwanza na kugeuka uji unaooza; iondoe yote mapema. Yungiyungi wa aina inayostahimili baridi akatwe majani yaliyogeuka manjano, na chungu chake kishushwe sehemu yenye kina ambako mizizi haitaganda. Yungiyungi wa nchi za joto aingizwe ndani. Mimea inayoishi chini ya maji, ikiwa mizima, iache: mwanga ukipenya barafu huendelea kutoa oksijeni kidogo. Mashina makavu ya matete yanayosimama pembeni nayo hayana ubaya wowote, na huvunja upepo.

Kichujio cha bakteria kinahitaji uamuzi mmoja tu: ama kiendelee kupitisha maji, ama kifungwe kabisa, kisafishwe na kukaushwa. Kukizima kikiwa kimejaa maji machafu ni kosa. Bakteria wanaohitaji oksijeni hufa humo, uozo huchukua nafasi, na siku utakapokiwasha maji hayo machungu yataingia bwawani yote. Ukishafunga, pima pia ugumu wa kaboneti wa maji. Kaboneti ndizo huzuia pH isiporomoke ghafla, na maji ya mvua na theluji iliyoyeyuka hayana nyingi.

Mimea ikishapungua, samaki huonekana wazi kutoka juu, nao ni wazito wa kukimbia. Korongo analijua hilo. Kipande cha bomba pana kilicholazwa chini, au wavu uliokazwa vizuri katika wiki kabla ya kuganda, huokoa wengi.

Barafu ikishatanda

Lengo hapa ni dogo, na watu hulikuza: kubakiza sehemu moja iliyo wazi ili gesi zitoke. Njia ninayoiona bora ni pampu ndogo ya hewa yenye jiwe la hewa, yaani kipande chenye vitundu vidogo kinachotoa mapovu. Mapovu hupasua uso wa maji, huleta oksijeni na kutoa hewa ya ukaa na gesi nyingine, na umeme unaotumika ni mdogo. Jiwe lenyewe lisiwekwe chini kabisa, kwa sababu ileile ya pampu ya maji: mapovu yanayotoka chini hupandisha maji ya vuguvugu na kuvuruga ukanda wa samaki. Liweke karibu na uso, upande wa kina kifupi, mbali na shimo walikolala. Pampu ya hewa ikae juu ya usawa wa maji au iwe na vali ya kuzuia maji yasirudi, la sivyo umeme ukikatika yatapanda kwenye mrija mpaka kwenye mashine. Vifaa vyote vya umeme karibu na maji viunganishwe kupitia swichi inayokata umeme yenyewe unapovuja.

Hita ndogo inayoelea ni njia ya pili. Haikusudiwi kupasha bwawa joto, wala haiwezi. Kazi yake ni kuyeyusha duara dogo inapoelea. Huweka mlango wa gesi wazi lakini haiongezi oksijeni nyingi, maana oksijeni husambaa polepole sana katika maji yaliyotulia. Penye samaki wengi, jiwe la hewa hushinda.

Bwawa likishaganda lote, usichukue nyundo. Mshindo husafiri majini kwa nguvu na unaweza kuwadhuru samaki waliolala chini, hata kuwaua. Weka sufuria ya maji ya moto juu ya barafu, ishike kwa kamba isije ikazama, na urudie mpaka tundu litoboke. Usimwage chumvi, na dawa ya magari ya kuzuia kuganda isikaribie bwawa hata tone. Kama kuta za bwawa ni za zege au plastiki ngumu, acha mpira mkubwa au gogo lielee tangu mwanzo, ili barafu inapotanuka isukume hicho badala ya kuta.

Theluji husahaulika, ilhali ni hatari kuliko barafu tupu. Barafu angavu hupitisha mwanga. Theluji iliyolala juu yake huuzima. Mimea na mwani vikikosa mwanga huacha kutoa oksijeni na kuanza kuitumia, na katika mabwawa na maziwa madogo vifo vingi vya samaki vya wakati wa baridi huanzia hapo. Ifagie kutoka ukingoni kwa fagio refu, angalau sehemu kubwa ya uso. Usikanyage barafu hata ukidhani ni nene.

Wiki za hatari zaidi

Wengi huachia pumzi barafu inapoyeyuka, na hapo ndipo samaki wengi waliovuka baridi hufia. Sababu yake iko kwenye joto. Maji yakianza kupanda, bakteria na vimelea huamka kabla kinga ya samaki haijarudi, na samaki mwenyewe amekonda kwa miezi ya kutokula. Vidonda vya bakteria wa jamii ya Aeromonas hujitokeza wakati huu, na ugonjwa wa virusi wa karpu wa majira ya kuchipua, uliomo katika orodha ya Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, umepewa jina kwa majira hayohayo. Samaki anayejitenga, anayebana mapezi au mwenye doa jekundu kwenye magamba atolewe na kutazamwa siku hiyohiyo. Samaki wapya wasiingizwe kwanza.

Chakula kirudi maji yakishapita nyuzijoto 10 kwa siku kadhaa mfululizo, bila kushuka usiku. Anza na kiasi wanachokimaliza ndani ya dakika chache, mara moja kwa siku au kila baada ya siku moja, kiwe kile cha ngano ulichomalizia nacho. Bakteria wa kichujio huchelewa kuliko samaki kupata nguvu, hivyo pima amonia na nitriti (sumu nyingine, itokanayo na amonia) kila baada ya siku mbili au tatu. Vipimo vikipanda, punguza chakula na ubadilishe sehemu ndogo ya maji, na usiongeze mlo mpaka vyote viwili visome sifuri.